Natafuta filamu na nyimbo za mtoto wa miaka 4, zisizo na kifo wala huzuni

Usiku Mrefu:
Habari za jioni wakuu. Nina watoto wawili, mmoja miaka 9, mdogo miaka 4. Jumamosi watakuja na watoto wa ndugu zangu, jumla watakuwa saba, na mimi ndiye nimekabidhiwa televisheni. Naomba mnitajie filamu za katuni ambazo ndani yake hakuna anayekufa, hakuna anayepotea, hakuna mama anayetengana na mtoto. Hata kidogo. Nyimbo pia nahitaji, za kuchangamka tu, zisiwe za kubembeleza. Huyu mdogo siku hizi ameng'ang'ania filamu moja, ile ya samaki. Anaangalia dakika 5 za mwanzo, analia, halafu anaianza upya. Nimetafuta nyingine mpaka nimechoka, maana kila ninayoifungua mzazi anakufa kabla hatujakaa vizuri. Msaada tafadhali.

Baba Watatu:
Dada, watoto saba wa umri tofauti, chagua kwa kumfuata aliye mdogo kuliko wote. Wakubwa watalalamika dakika kumi kisha watatulia, lakini mdogo akishaogopa, usiku ni wako. Angalia alama ya umri. Kwa Marekani G ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, na PG-13 iliongezwa mwaka 1984 kwa sababu kulikuwa na filamu za PG zilizowatisha watoto kupita kiasi. Kwa Uingereza U ni ya wote, kwa kawaida kuanzia miaka 4.

Ila nikwambie ukweli nilioupata kwa gharama: alama hizo zinapima damu, matusi na vitisho. Hazikwambii kama mama anakufa. Bambi ya 1942 ina G na mama kulungu anapigwa risasi. Hiyo ya samaki, Finding Nemo ya 2003, nayo ina G, na mama analiwa kabla hata jina la filamu halijatokea kwenye kioo. Watunzi wanawaondoa wazazi mapema ili mtoto abaki peke yake na safari ianze. Kwa hiyo tazama mwenyewe kwanza, yote, usiku wakishalala.

Picha Kubwa:
Na usidanganyike kwamba kila katuni ni ya watoto. Tarehe 16 Aprili 1988 Studio Ghibli ya Japani ilitoa filamu mbili siku moja, zikaonyeshwa pamoja: My Neighbor Totoro na Grave of the Fireflies. Ya pili ni ndugu wawili wanaokufa njaa wakati wa vita, mimi mtu mzima ilinikalisha kimya jioni nzima. Ya kwanza ndiyo nakupendekezea kwa moyo wote. Haina adui, haina mapigano. Kuna mama mgonjwa yuko hospitalini, ila hafi. Watoto wangu wanaipenda mno.

Kijiti:
Swali langu ni moja. Mtoto wa miaka 4 anaanzaje filamu upya mara ngapi sijui na mtu mzima yupo? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2 kioo hakishauriwi, miaka 2 hadi 4 kisizidi saa 1 kwa siku, na kikipungua ndiyo bora zaidi. Tumewaachia simu zilee watoto halafu tunakuja hapa kuomba orodha. Mzimie kifaa, mtoe nje acheze.

Mama Pacha:
Kijiti umeanza. Hajauliza hayo.
Dada, wangu walikuwa wanakataa kila kitu mpaka nilipoanza kuwapigia muziki mtupu usio na maneno. Kuna kazi ya mtunzi wa muziki Camille Saint-Saëns ya mwaka 1886, vipande vyake vingi ni wanyama. Tembo anapigwa na fidla kubwa kabisa ile ya kusimama nayo, na bata maji anapigwa na selo. Unawaambia wafumbe macho wabahatishe ni mnyama gani. Saba wakibahatisha kwa pamoja nyumba itapasuka kwa kelele, lakini ni kelele za raha. Na kuna Peter and the Wolf ya Prokofiev ya 1936, ndege ni filimbi, paka ni klarineti, babu ni fagoti, mbwa mwitu ni honi tatu.

Baba Watatu:
Mama Pacha, hiyo ya mbwa mwitu bata anamezwa! Amesema hataki vifo.

Mama Pacha:
Anamezwa mzimamzima, mwishoni anasikika akilia tumboni. Wangu walicheka. Lakini sawa, naiondoa.

Mzee wa Kaseti:
Mimi nimekwama kwenye nyimbo. Nyimbo za kubembeleza zina kosa gani, mwanangu? Ndizo za kwanza mtu kuzisikia. Mimi nilikuwa na kaseti moja niliyowapigia watoto wote wanne, utepe ukakatika, nikaunganisha kwa gundi ya karatasi, ikawa kila usiku wimbo unaruka neno moja palepale. Leo hii ni watu wazima, wakiuimba wanaruka lile neno. Hawajui kwamba kuna neno pale. Mtoto wa miaka 4 hahitaji kuchangamshwa saa nzima, anahitaji pia kushushwa taratibu.

Mwalimu wa Awali:
Nami nauliza kama mzee. Filamu isiyo na huzuni naielewa. Lakini umetaja mama peke yake, hukusema baba wala rafiki. Na umekataa nyimbo za kubembeleza tu. Mtoto kurudia filamu moja ni kawaida ya umri huo, wanapenda kujua kinachofuata. Kurudia kipande kinachomliza siyo kawaida. Kuna jambo, dada. Ukitueleza tutakujibu vizuri zaidi.

Usiku Mrefu:
Hakuna jambo. Naomba orodha tu.

Usiku Mrefu:
Sawa. Huyu wa miaka 4 sikumzaa mimi, ni mtoto wa dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo. Dada amefariki miezi mitatu iliyopita. Mtoto tumemwambia mama amesafiri. Tulikaa kama familia tukakubaliana hivyo, na tutamwambia atakapoanza shule, akiwa na akili ya kuelewa. Hilo limeshaamuliwa na naomba msiligeuze kuwa mada. Nilitaka Jumamosi ipite bila kitu cha kumkumbusha. Ndiyo maana nyimbo za kubembeleza sitaki, dada ndiye alikuwa anambembeleza.

Baba Watatu:
Poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Picha Kubwa:
Pole dada. Totoro naifuta. Mama yuko kitandani hospitalini na watoto wanaambiwa atarudi. Kwa huyu mtoto, kwa sasa, hapana. Nisamehe, sikujua.

Kijiti:
Naomba nisionekane nina roho mbaya, lakini hii ni chai. Mwanzo "nina watoto wawili", sasa mmoja ni wa marehemu dada. Mwanzo hakuna jambo, baada ya muda mfupi jambo lipo. Na mama samaki anaonekana dakika chache tu kisha filamu inaendelea zaidi ya saa nzima. Hakuna mtoto wa miaka 4 anayezima filamu dakika ya tano mwenyewe na kuianza upya kila siku. Watu hapa wanalia kwa ajili ya hadithi ya kutunga.

Sauti ya Pili:
Hata mimi nimelitilia shaka hilo la dakika 5.

Mama Pacha:
Mtu anasema amefiwa nyie mnahesabu dakika.

Usiku Mrefu:
Nilisema nina watoto wawili kwa sababu ninao wawili. Sitamtaja kwa namna nyingine mbele ya watu.

Kuhusu dakika 5. Nilitaka kulipita hili, lakini sawa. Haizimi filamu. Kwenye simu ukigusa upande wa kushoto mara mbili, picha inarudi nyuma sekunde 10. Kaka yake wa miaka 9 ndiye aliyemfundisha. Samaki mkubwa akitokea, anagusa, mama samaki anarudi. Anamwangalia. Samaki mkubwa akitokea tena, anagusa. Anatumia kidole gumba, na kioo kimejaa alama za kidole upande huo mmoja. Wiki iliyopita nilikuwa nakunja nguo, akanifuata na simu, akanigusa begani mara mbili. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Rudisha."

Sasa niambieni chai iko wapi.

Kijiti:
Samahani dada. Nimekosea.

Sauti ya Pili:
Mtandaoni mtu anaweza kuandika lolote.

Nuru:
Anaweza. Hata hivyo kuna mtu anayesoma hapa kimyakimya na nyumbani ana mtoto wa namna hii, kwa hiyo tujibu.

Mwaka 1982 alifariki mzee Will Lee, aliyekuwa akiigiza mwenye duka kwenye Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza 1969. Wangeweza kuweka mwigizaji mwingine, au kusema amehama. Waliamua kuwaambia watoto ukweli, na kipindi kikaonyeshwa Novemba 1983. Ndege mkubwa wa manjano amewachorea rafiki zake picha, anagawa moja moja, anabaki na ya mwenye duka. Anasema atampa akirudi. Watu wazima pale, nyuso zao zimejaa majonzi ya kweli, wanamwambia kwamba amekufa na mtu akifa harudi. Hawakusema amelala, hawakusema amesafiri. Na kipindi hicho kinatazamwa na watoto wa rika la huyu wako. Sisemi mwekee Jumamosi. Nasema watu waliofanya kazi ya vipindi vya watoto maisha yao yote walikaa wakajadili jambo hilihili, wakaona miaka 4 inatosha kuambiwa.

Mwalimu wa Awali:
Nuru amesema nilichotaka kusema. Naongeza kuhusu kidole gumba. Chini ya miaka 5 hivi, watoto wengi wanadhani kifo kinaweza kurudi nyuma, kama kulala na kuamka. Simu imemthibitishia hilo kila siku, mama samaki anarudi kweli. Na "amesafiri" inathibitisha pia, maana aliyesafiri hurudi. Kwa hesabu zake yuko sahihi kabisa, kinachomshangaza ni kwamba ninyi mnaguswa lakini hamrudishi. Ukimwondolea filamu bila kumwambia, atabaki na swali bila hata picha ya kuliuliza. Neno ni moja: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi, na wewe hukufanya kosa lolote. Hilo la mwisho usiliache.

Usiku Mrefu:
Ni rahisi kusema mkiwa mbali. Mimi ndiye nitakayemwona akilia. Bibi yake amesema akisikia nimemwambia hatanisamehe. Na tulikubaliana. Siwezi kuvunja neno la familia nzima kwa sababu ya filamu ya samaki.

Mzee wa Kaseti:
Mwanangu, mimi pia niliambiwa amesafiri. Ilikuwa baba. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiona mtu anafunga begi naenda kulificha. Walinichapa kwa hilo, hawakujua sababu, nami sikujua. Ongea na bibi yake kwanza, mwambie hilo la begani. Usimfiche.

Na swali: sauti ya dada yako ipo popote?

Usiku Mrefu:
Ipo. Kwenye simu yake. Anaimba akiosha vyombo, hakujua kama anarekodiwa. Sekunde 38. Nimeifungia kabatini.

Mzee wa Kaseti:
Hiyo ndiyo filamu na muziki unaotafuta. Usiifute, naomba. Hamishia sehemu mbili tofauti leo hii, simu zinaharibika.

Baba Watatu:
Kwa Jumamosi sasa, maana ipo palepale. Usiweke filamu ndefu. Tafuta katuni fupi zisizo na maneno za dakika 5 hadi 10, zitazame zote kabla. Zima ile ya kujiendeleza yenyewe, maana huwezi kujua kitakachofuata. Katikati weka wanyama wa Mama Pacha. Sauti iwe ya wastani, ukilazimika kupaza sauti kuzungumza na aliye karibu yako, punguza. Nyimbo chagua zenye kiitikio kifupi na kupiga makofi, wa miaka 4 na wa miaka 9 wote wataziweza. Mdogo akae ubavuni kwako, na rimoti uishike wewe.

Usiku Mrefu:
Narudi. Nilimpigia bibi yake, nikamweleza la begani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nimsubiri aje. Tumemwambia pamoja jana jioni, kwa neno lile. Amesema "sawa" akaomba maji. Nilidhani hakusikia. Leo asubuhi ameuliza mama anarudi lini, nikamwambia tena, akalia, nami nikalia, bibi akatushika wote.

Mchana nimetoa simu kabatini. Nimemwambia huu ni wimbo wa mama wa zamani, mama mwenyewe hayupo. Amesikiliza akiwa ameegemea mguu wangu. Mwishoni kuna mlio wa sufuria, amecheka. Kisha amesema, "Rudisha," nikarudisha.