Tupeane uzoefu: mada ikiwaka moto kwenye grupu, ulifanyaje?

Mjukuu wa Korogwe

Wakuu, salaam. Mimi ni admini wa grupu la ukoo, watu mia na ushee. Cheo sikukiomba. Nilipachikwa kwenye msiba wa babu kwa sababu nilikuwa nakusanya michango.

Juni 2023, Bunge liliporidhia mkataba wa bandari na Dubai, ndipo nilipoujua uzito wa cheo hicho. Siku hiyo tulikuwa tunachangishana ada ya mtoto wa marehemu, mtu akatupia klipu. Ndani ya dakika kumi michango imefukiwa. "Nchi imeuzwa!" "Wewe umeusoma mkataba au umesimuliwa?" Mara likaja nililokuwa naliogopa: "Mnampinga Mama Samia kwa dini yake." Ukoo wetu nusu Waislamu, nusu Wakristo, tunazikana na kulishana pilau miaka yote.

Nikafunga grupu, wawe wanaandika maadmini tu. Nilidhani nimezima moto. Baba mdogo akajitoa usiku uleule, asubuhi akapiga simu: "Yaani wewe, niliyekupeleka jando, unaniziba mdomo mbele ya wajukuu zangu?" Jumapili nikaenda kwake na sukari kilo mbili. Alinisema saa nzima, ndipo akakubali kurudishwa. Tangu hapo namfuata mtu inboksi kwanza, na mzee nampigia simu kabisa.

Nyie je?

Chaki Nyeupe

Sisi walimu tuliparurana kwa chanjo ya UVIKO. Rais Samia alizindua na kuchanjwa hadharani Julai 28, 2021, lakini huko nyuma tulikuwa tumehubiriwa kujifukiza nyungu, kwa hiyo kila mtu ana lake. Dada mmoja alikuwa anamwaga klipu kutwa, zile zenye alama ya kusambazwa mara nyingi. Watu wakamwita mshamba.

Mwalimu wa baiolojia yeye akamuuliza tu: "Dada, hasa unaogopa nini?" Kimya. Baadaye akaandika: "Nanyonyesha." Kumbe wiki nzima tunabishana na mtu anayewaza maziwa ya mwanawe. Akapewa namba ya nesi. Kama alichanjwa au la, sikumuuliza.

Shamba la Mahindi, Uasin Gishu

Kwetu Kenya ni tofauti kidogo, maneno yenyewe yana historia. "Madoadoa" kwa mtu wa mbali ni rangi ya ng'ombe. Kwa sisi tuliokuwa huku Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, ni watu wa kabila lingine wanaotakiwa kufukuzwa; ukilisikia unatafuta watoto wako wako wapi. Kabla ya uchaguzi wa 2022 grupu letu la mtaa liliweka sheria moja pekee: kumsema mwanasiasa ni ruhusa, ukitaja kabila la jirani kwa ubaya unatolewa siku saba. Wa kwanza kutolewa alikuwa ndugu ya admini. Hapo ndipo watu waliamini. Sheria ingeanza na mpangaji mgeni, ingekufa siku hiyohiyo.

Chapati Mbili

Admini wa kwetu hana mambo mengi. Ubishi ukipamba moto anatuma: "Wafuatao hawajalipa mchango wa harusi." Grupu zima linakuwa makaburini 😂

Mstaafu 2022

Nitawaharibia. Huo ustaarabu mnaousifu mimi umenifunga mdomo. Kikokotoo kipya cha mafao ya wastaafu kilianza Julai 2022, malipo ya mkupuo yakawa asilimia 33, na mimi nikaangukia humohumo. Niliandika kwenye grupu la kazini, bila tusi, nikiweka hesabu yangu mstari kwa mstari. Nikajibiwa: "Mzee, tusilete siasa humu, tudumishe upendo." Waliosema hivyo bado wako kazini. Ujumbe wangu ukafutwa, juu yake ikawekwa picha ya maua na "Asubuhi njema". Aliyetukana siku ileile kuhusu Simba na Yanga hakuguswa.

Chaki Nyeupe

Mzee wangu, pole. Ila hata sisi tuna wale wanaoanza na hesabu wakamalizia na laana.

Mstaafu 2022

Wafute laana, mwanangu. Hesabu waiache.

Mjukuu wa Korogwe

Shikamoo mzee. Hili limenigusa, maana hata mimi niliwahi kufuta ya mtu kwa sababu tu ilikuwa ndefu. Ungependa admini angekuambia nini siku ile?

Mstaafu 2022

Marahaba. Angesema, "Mzee, malizia." Nilikuwa sijafika hata kwenye pensheni ya mwezi.