Kwa nini nilipie tena kilichomo tayari ndani ya gari langu?

Swali: Naomba ufafanuzi. Gari nililonunua lina nyaya za kupasha joto zilizoshonewa ndani ya viti, lakini kitufe chake kwenye skrini kimefifia, na kila nikikigusa hufunguka ukurasa wa malipo ya kila mwezi. Je, ni halali kutozwa kwa kitu ambacho ni mali yangu?

Jibu la 1: Si jambo geni. Mwaka 2010 kampuni ya Intel iliuza kadi za dola 50 za kufungulia uwezo wa kichakataji (ubongo wa kompyuta) cha Pentium G6951 uliofungwa kiwandani, na mwaka 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida, Tesla iliyaongezea kwa muda baadhi ya magari yake ya umeme umbali yanaoweza kwenda kwa chaji moja, kupitia programu tu, bila fundi kugusa betri. Kiwanda huona nafuu kuunda kifaa cha aina moja, kisha kuwatenganisha wateja kwa programu.

Jibu la 2: Nafuu hiyo ni yao, si yetu! Ningelipia kwa moyo mkunjufu ramani zinazosasishwa, kwa kuwa zinamgharimu mtoaji. Waya uliolala kitini haumgharimu hata senti. Kampuni ya magari ya BMW yenyewe iliachana na ada ya kupasha joto viti mwaka 2023 baada ya wateja kulalamika.

Jibu la 3: Kuhusu uhalali, usome mkataba wako, hasa kipengele kinachoeleza iwapo malipo yanafuata gari au akaunti yako, kwa sababu siku utakapoliuza, mnunuzi anaweza kukuta kila kitu kimefungwa upya.