Gari la pili tumpe nani: mzoefu, kijana, au wagawane?

Meneja_Kla
Wakuu, naomba mawazo kabla hatujasaini mikataba. Timu yetu ya mbio za rali hapa Uganda ina magari mawili, Ford Fiesta Rally3 na Mitsubishi Lancer Evo X. Fedha zinatosha kuyakimbiza yote kwenye ubingwa wa taifa pamoja na Pearl of Africa, rali yetu ya kimataifa. Dereva wa kwanza hana mjadala, mdhamini mkubwa amekuja kwa ajili yake, naye anaitaka Fiesta.

Kazi iko kwenye gari la pili. Kuna mzee mmoja ambaye kasi imempungua ila gari hulirudisha salama hadi mwisho. Kuna kijana wa otokrosi, zile mbio za mzunguko mfupi wa udongo, ana kasi ya kutisha, lakini msimu uliopita mashindano aliyoishia njiani ni mengi kuliko aliyomaliza. Wazo la tatu ni wagawane kiti: mzee aende kwenye mashindano marefu, kijana kwenye mafupi. Mimi naegemea hilo la tatu. Nikosoeni.

Shabiki_Masaka
Ndugu Meneja, kabla hujagawa kiti angalia timu ya Hyundai ya 2024 kwenye ubingwa wa dunia wa rali. Kule timu husajili magari matatu, na pointi za ubingwa wa watengenezaji hutoka kwa mawili yaliyofanya vizuri zaidi. Neuville na Tänak walikimbia msimu mzima, gari la tatu wakapokezana Lappi, Sordo na Mikkelsen. Mwanzoni mpango ulionekana wa akili sana: Lappi akashinda Sweden, Sordo akawa wa tatu Sardinia.

Wakafika Japani, raundi ya mwisho, wakiwa mbele ya Toyota. Mikkelsen akapata ajali mapema. Tänak akaingia Jumapili akiwa anaongoza, kwenye steji (kipande cha njia kinachopimwa kwa saa) ya kwanza tu ya siku hiyo akatoka barabarani. Neuville akapata taji la madereva, lakini la watengenezaji likaenda Toyota kwa tofauti ya pointi 3. Msimu mzima wa kazi, pointi 3!

Sisemi kugawana kiti peke yake ndiko kulikowanyima taji. Ila siku walipohitaji gari la tatu liwaokoe, aliyekaa humo hakuwa mtu wa kulishika gari hilo kila raundi. Mwaka uliofuata kiti kile wakampa Fourmaux moja kwa moja. Mpe mzee msimu mzima, mambo yaishe.

Dada_Navigeta
Kaka Masaka, mfano wako ni mzuri lakini haujamaliza hoja. Ogier mwaka 2025 raundi nyingine hakwenda kabisa, na bado alichukua taji lake la 9 la dunia akamfikia Loeb mwenye rekodi. Kukosa raundi si lazima kumharibu dereva. Lakini Ogier kila alipokuja alikuja na Landais pembeni yake, navigeta wake, yaani anayemsomea noti za kona zilizo mbele: noti zilezile, sauti ileile.

Meneja, umetaja madereva watatu na navigeta hata mmoja hukumtaja. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Ukigawa kiti, navigeta utamgawaje? Kona ambayo dereva mmoja anaiita "kulia nne", mwingine anaiita "kulia tano", kwa sababu kila mtu ana kipimo chake cha mwendo. Sasa tuingie kwenye mashamba ya miwa ya Kakira. Miwa imesimama pande zote mbili, mbele huoni kitu, njia panda zinafanana zote. Pale dereva haendeshi kwa macho, anaendesha kwa masikio. Neno likichelewa kidogo tu, mko ndani ya miwa. Navigeta anayebadilishiwa dereva kila mara atachelewa, hata awe hodari vipi.

Fundi_Jinja
Naunga mkono dada hapo juu, na naongeza jambo ambalo watu wa ofisini hulisahau. Mvua ikinyesha kwenye murram yetu ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na mtaro uko palepale pembeni. Kijana akiteleza ataligonga gurudumu la mbele. Mikono ya gurudumu ya Evo naipata Kampala siku hiyohiyo. Ya Rally3 inaagizwa nje, tena kuna forodha. Kwa hesabu ya spea, kijana apande Evo.

Kwa kujifunza ni kinyume chake. Evo ina injini ya lita 2.0 yenye tabo, ukikosea kona unakanyaga mafuta, inakuvuta, na kosa lako hulioni. Fiesta ni lita 1.5, silinda tatu, ukipoteza mwendo umeupoteza, na saa inakuambia. Ndiyo maana gari hilo linatumika kwenye ubingwa wa dunia wa vijana. Wakenya waliwapa vijana wao Rally3, na mwaka 2022 McRae Kimathi akaenda kuiendesha kwenye theluji ya Sweden. Kama nia ni kulea dereva, zungumza na mdhamini wako, kijana na dereva wa kwanza wabadilishane magari.

Mwana_Mbarara
Baada ya Mganda mwenzetu Charles Muhangi kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999, kwa miaka mingi tulilialia kuwa hatuna warithi, halafu viti tunawapa walewale. Mpeni kijana. Na mbona hakuna mwanamke kwenye orodha? Susan Muwonge alikuwa bingwa wa taifa mwaka 2011.

Meneja_Kla
Nimewasikia. Wazo la kugawana kiti nimeliondoa. Mwana Mbarara, swali lako nalipeleka kwenye kikao kama lilivyo.

Navigeta tutamtafuta kwanza. Kisha mzee na kijana waendeshe Evo kwenye kipande kimoja cha murram, kila mmoja na noti zake alizoandika mwenyewe na huyo navigeta, warudie mara nyingi. Sitaangalia nani ana muda bora. Nitaangalia nani muda wake haupandi na kushuka. Kijana akimkaribia mzee kwa hilo, kiti ni chake msimu mzima.

Fundi_Jinja
Sawa Meneja. Wape tairi zilizokwisha tumika, na usiwapime asubuhi barabara ikiwa kavu. Subiri mvua ipite.