Tupeane uzoefu: kutengeneza gemu za simu na ndugu wa tumbo moja

Mtoto wa Kati (Dar)
Wakuu, habari zenu. Mliowahi kufanya kazi hii na kaka, dada au mdogo wenu njooni tuelezane ukweli. Zile za "familia ndiyo nguvu" tuachie siku ya harusi.

Tuko watatu, Tabata. Dada anachora, mimi naandika programu kwa Godot (zana ya kutengenezea gemu; ni ya bure, sina sababu nyingine), mdogo wetu anatafuta wachezaji. Akaunti ya kuweka gemu Google Play inalipiwa dola 25 mara moja tu, na yeye ndiye aliyekuwa na kadi inayokubali malipo ya nje, basi ikafunguliwa kwa jina lake. Tukaona jambo dogo. Mwaka jana tukagombana, tena kwa sufuria ya wali iliyoungua, akabadilisha nywila. Wiki tatu gemu inajizima kwenye simu ndogo, watu wanatupiga nyota moja moja, na marekebisho ninayo kwenye kompyuta siwezi kuyapandisha. Mama hajui hata gemu ni nini. Alimwambia tu: "Mpe mwenzio ufunguo." Akatoa. Ila jina bado ni lake. Wenzangu mlifanyaje?

Kete 64 (Unguja)
Sisi tuligombana kwa sheria. Mimi na kaka tulikuwa twatengeneza bao: mashimo 32, kete 64, tukadhani wiki mbili tumemaliza. Kuchora ubao na kutembeza kete kweli ilikuwa siku tatu. Balaa lilianza kwenye kunamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete ubaoni. Kila mmoja ana kete 22 mkononi, na ukila ukaishia nyumbani mwako, lile shimo lako kuu, unalala (zamu imeisha) au unasafiri (unaendelea)? Lini una hiari, lini huna? Kaka anashikilia alivyofundishwa na babu, mimi nashikilia ya mjomba. Mwezi mzima hatusemeshani ila kwa mambo ya kula. Mwisho tukaenda barazani kuwauliza wazee, nao wakagombana wao kwa wao! Tukarudi tukaweka kitufe: mchezaji achague mwenyewe.

Bintiye Posta (Mombasa)
Dada wawili hapa, tunaishi kwa matangazo ya AdMob, huduma ya Google inayokulipa kwa matangazo ndani ya gemu yako. Ukifikisha dola 10 wanakutumia namba ya siri ya kuthibitisha anwani kwa barua, ya karatasi kabisa. Sanduku letu lilikuwa la marehemu baba, ufunguo ulishapotea. Dada mkubwa alienda posta mara nne na vyeti vya baba mkononi. Siku ya kugawana ile dola 100 ya kwanza nikasema nichukue zaidi kwa kuwa programu niliandika mimi. Hakubisha, alinyamaza tu. Nikakumbuka zile safari nne nikaona haya. Tangu hapo nusu kwa nusu.

Mpita Njia
Someni habari za Butterscotch Shenanigans, kampuni ya gemu ya St. Louis, Marekani. Walianza Seth na Sam Coster, ndugu yao Adam akajiunga baadaye. Gemu yao Crashlands, iliyotoka 2016, waliitengeneza huku Sam akitibiwa saratani. Sufuria ya wali ni nini?

Mtoto wa Kati (Dar)
Mpita Njia, ile sufuria huijui wewe. Bintiye Posta, umenigusa, dada. Mdogo wangu ndiye aliyezunguka na simu yake stendi nzima kuwaomba makonda wajaribu gemu, nami sikuwahi kuiita kazi. Leo jioni namtafuta.