Majilio kwa mtu wa zamu za usiku: nianzie wapi?

Nesi wa Usiku:
Tumsifu Yesu Kristo. Ratiba ya Desemba imeshabandikwa na niko usiku karibu mwezi mzima. Misa ya asubuhi inaanza nikiwa bado nakabidhi wodi, na jioni wanajumuiya wanapokusanyika mimi navaa sare. Dominika nitajitahidi nifike. Mwaka huu natamani kuyaishi Majilio, majuma haya ya kujiandaa kwa Krismasi, kwa dhati. Nimepanga nifunge kama Kwaresima, nisali novena (sala za siku tisa), Rozari kila siku, na nimalize kitabu chote cha Isaya. Mwenzangu kazini anasema bila mfungo hakuna Majilio. Ni kweli? Na mwenye ratiba kama yangu ashike lipi?

Katekista Mstaafu:
Milele amina, mwanangu. Nianze na mfungo. Zamani ulikuwepo, baadhi ya sehemu wakiuanza baada ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba. Siku hizi sisi wa Kanisa la Kilatini, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Roma, hatuagizwi kufunga Majilio; Ijumaa inabaki siku ya toba kama Ijumaa nyingine. Sikiliza Misa yenyewe: padre amevaa zambarau na wimbo wa Utukufu hauimbwi siku ya Dominika, lakini Aleluya ipo. Kwaresima hata Aleluya hunyamaza.

Linalowapita wengi ni kwamba Majilio yana sehemu mbili. Yanaanza na Masifu ya Jioni ya kwanza, yaani sala ya Kanisa ya Jumamosi jioni, ya Dominika iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Tangu hapo hadi tarehe 16 Desemba Kanisa linatazama zaidi kurudi kwa Bwana katika utukufu. Kuanzia tarehe 17 ndipo linageukia moja kwa moja kuzaliwa kwake. Sisi tunakimbilia horini tangu siku ya kwanza, na ile sehemu nzito inapita hatujaigusa.

Iwe mwaka A, B au C wa mzunguko wa masomo ya Misa, Injili ya Dominika ya kwanza inatutaka tukeshe. Katika Marko 13 Bwana anataja nyakati nne ambazo mwenye nyumba anaweza kurudi: jioni, usiku wa manane, jogoo awikapo, asubuhi. Mwanangu, wewe zote nne zinakukuta macho! Basi katika kila wakati mmoja, unaposimama kitandani kwa mgonjwa kupima joto au kuangalia dripu, sema kimoyomoyo, "Njoo, Bwana Yesu", kisha mtaje huyo mgonjwa kwa jina mbele ya Mungu. Ni sala ya mwisho wa Ufunuo, na haikuchukui hata nusu dakika. Shika hiyo hadi tarehe 16, usiongeze kitu.

Tarehe 17 hadi 23, kabla hujatoka kwenda kazini, sali Wimbo wa Bikira Maria pamoja na antifona (kiitikio kifupi) ya siku hiyo: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, na kuendelea hadi Ee Emanueli. Ya tarehe 21 inamwita Kristo kama mapambazuko, awaangazie wakaao gizani. Hiyo isali tena alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu.

Msoma Masomo:
Naafikiana na Mwalimu, ila kujinyima nisingekuondoa kabisa. Mimi naweka simu mbali saa moja kabla ya kulala, na muda huo nasoma somo la kwanza la siku, polepole. Siku nyingi za mwanzo ni Isaya, kwa hiyo dada, utakutana naye vipande vipande bila kukimbizana na kitabu kizima.

Lakini mnisikilize kuhusu kitubio. Msisubiri mkesha wa Krismasi! Foleni inafika mlangoni, padre amechoka, na wewe unataja dhambi mbili tatu za haraka huku wengine wanakusukuma kwa macho. Dominika ya pili tunamsikia Yohane Mbatizaji akihubiri toba, kwa hiyo wiki hiyo ndiyo yake. Kama saa zilizobandikwa parokiani zinagongana na zamu yako, mwendee paroko umwombe muda. Kanuni ya 986 ya Sheria ya Kanisa inawataka wachungaji wawape waamini nafasi ya kuungama kwa siku na saa zinazowafaa. Usione haya kuomba.

Nesi wa Usiku:
Mungu awabariki. Hilo la paroko nitalifanya wiki hii hii, sikujua kama naruhusiwa kuomba. Mwalimu, swali moja: wodini wapo Waislamu, na wapo wasiosali kabisa. Nao niwataje?

Katekista Mstaafu:
Wataje wote. Unamwambia Mungu, hakuna haja ya kumtangazia mgonjwa wala kumuuliza dini yake. Anayehitaji kugeuzwa ubavu, mgeuze kwanza, sala ifuate. Na ukifika nyumbani asubuhi, lala. Novena iache.