Tarehe 5 Februari: Azimio, CCM na meli yetu ya Kigoma

Mama wa Mwanga
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Binti yangu wa darasa la sita kapewa kazi ya nyumbani: achague tarehe moja aandike mambo makubwa yaliyotokea siku hiyo. Kachagua 5 Februari. Kajaza mawili, Azimio la Arusha kutangazwa mwaka 1967, na TANU na ASP kuungana kuwa CCM mwaka 1977.

Babu yake, aliyefanya kazi melini miaka mingi, akamwambia, "Andika na Liemba." Maana Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen, ilishushwa majini hapa hapa Kigoma tarehe 5 Februari 1915. Mtoto anasita, anasema meli si jambo la taifa. Mimi naona inastahili kabisa. Mnasemaje? Na hizi tarehe zimekutana kwa bahati tu?

Mtoto wa Reli, Tabora
Dada, hizo mbili za kwanza si bahati. Mwaka 1977 Azimio lilikuwa linatimiza miaka kumi, na siku ya kuzaliwa chama kipya ikapangwa iangukie hapo. Ni kama 9 Desemba: Uhuru 1961, Jamhuri 1962, tarehe ile ile kwa makusudi. Ya meli ndiyo imejiangukia yenyewe, miaka 52 kabla ya Azimio.

Ila mwambie binti aiandike. Ile meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungashwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari halafu ikapandishwa treni. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo njia ilikuwa bado mpya. Kila bamba la chuma la Liemba limepita hapa stesheni kwetu Tabora. Nikisimama pale huwa naliwaza hilo.

Kaka wa Ujiji
Naongeza tarehe ya bahati tupu: 12 Aprili. Mwaka 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia, safari ya dakika 108, mtu wa kwanza kufika anga za juu. Mwaka 1984, siku hiyo hiyo, tukampoteza Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali ya gari kule Morogoro, akitoka Dodoma. Nilikuwa mdogo. Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni, baba alikaa chini pale pale mlangoni, viatu mkononi, hakuingia ndani mpaka giza likaingia. Kwangu 12 Aprili ni viatu vile. Gagarin nimekuja kumsoma baadaye sana.

Kwa hiyo binti aandike, lakini atenganishe: hizi zilichaguliwa, hii imetokea tu. Hapo mwalimu wake ataona amefikiri.

Mama wa Mwanga
Asanteni sana, mmenisaidia kuliko mnavyojua. Nimewasomea wote wawili, na babu ndiyo kafunguka. Kaeleza walivyokuwa wakisimama usiku katikati ya maji huko Kirando, hakuna gati, mitumbwi inakuja kwa fujo kujibana ubavuni, mlango wa pembeni unafunguliwa, wanavutwa watu, magunia ya dagaa, madumu ya mawese, mtoto anapokelewa kwanza ndipo mama. Kamwambia pia kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakiwa wamezipaka injini grisi nzito zisioze. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Binti akauliza, "Kwa hiyo grisi ndiyo iliyoiokoa?" Babu akasema grisi, na mafundi waliojua watairudia.

Sasa hivi yuko mezani na penseli. Liemba kaiweka ya kwanza kwa kuwa ndiyo ya zamani, na pembeni ya zile mbili kaandika "ilichaguliwa". Babu anamsomea herufi za Götzen moja moja, na zile nukta mbili juu ya o kasisitiza asizisahau.