Tupeane uzoefu: umewahi kumtafutia mzazi makao ya wazee?

Mtoto wa Rombo

Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu. Mimi ni binti wa mwisho kwetu. Mama ana miaka 81. Mwezi wa tatu aliteleza uani kijijini, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Tangu hapo hasimami bila kushikwa, na usiku huwa hajui yuko wapi. Nimemleta Dar, lakini natoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Wasichana wa kazi watatu wameshaondoka ndani ya miezi mitano. Siwalaumu. Kumnyanyua mtu mzima peke yako kunavunja mgongo.

Nilikwenda ustawi wa jamii kuulizia makazi ya serikali kama Nunge, Kigamboni. Afisa alinieleza kwa upole kwamba yale ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. "Mama yako ana wewe." Sasa naangalia ya binafsi, na kaka yangu mkubwa ananuna, anasema ukoo mzima utatusema. Mliopitia hili, mlichaguaje?

Wa Nairobi

Pole sana dadangu. Babangu tulimpeleka 2019. Makao ya kwanza tuliyapenda kwa sababu ya bustani na vitanda vipya. Tulikuwa tumepiga simu kabla ya kwenda, kwa hivyo tulikuta kila kitu kimepangwa. Wiki ya tatu nikapita Jumapili jioni bila kuambia mtu. Nilimkuta kwenye kiti, suruali imelowa, na chai yake iko kwenye meza asipoweza kufika, imepoa hadi ikafanya utando juu. Wahudumu walikuwa wawili, wazee kumi na wanane. Kesho yake tukamtoa.

Ya pili nilienda mara tatu kabla ya kulipa hata shilingi, mara zote saa ya chakula cha jioni. Nilitaka kuona nani anamlisha asiyeweza kushika kijiko, na kama anamngoja ameze au anamsukumia tu. Nikauliza ni nani hulala hapo usiku, je, ni muuguzi aliyesajiliwa au ni askari wa geti tu? Mzee akizidiwa saa nane, anapelekwa hospitali na gari la nani? Na bei waliyokutajia inajumuisha nini? Sisi tuligundua baadaye kwamba nepi, dawa na mazoezi ya viungo ni kando, bili ikapanda karibu nusu.

Jambo moja sikulitarajia kabisa. Babangu aliposahau mengi, Kiswahili kilimtoka, akabaki na Kikamba. Alikuwa anakataa kula hadi mhudumu mmoja wa Kitui alipoanza kumsemesha kwa lugha yake. Uliza kama kuna anayejua Kichaga cha mamako, kile cha Rombo hasa.

Mhudumu, Massachusetts

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee huku Marekani mwaka wa tisa sasa, na Wakenya tuko wengi kwenye kazi hii. Mimi huangalia mwili wa mzee kuliko jengo. Asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipogeuzwa utaona vidonda vya kulalia kwenye visigino na juu ya makalio. Angalia kucha, midomo mikavu, glasi ya maji iko upande wa mkono wenye nguvu au la. Harufu ya mkojo alfajiri hutokea popote. Ikiwa bado ipo saa saba mchana, ondoka. Kengele ikilia, hesabu dakika kimoyomoyo. Halafu waulize wahudumu wenyewe, si meneja, wamekaa hapo muda gani. Wakiwa wote ni wapya, kuna kinachowafukuza.

Huku serikali hutoa nyota, moja hadi tano, kwa makao yanayopokea fedha za Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, na Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo. Ni pa kuanzia tu, bado uende mwenyewe. Na mlio na wazazi huku, msidhani Medicare italipa miaka yote. Ni siku zisizozidi 100, za uuguzi maalumu baada ya kulazwa hospitali. Baada ya hapo ni akiba yako, au Medicaid ukikidhi masharti.

Unguja mjini

Sisi bibi tumebaki naye nyumbani. Tunalala kwake kwa zamu, wajukuu wanne. Pensheni Jamii ya serikali ya Zanzibar, ile iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, inaishia kwenye pampasi. Tunachoka, sitakuficha. Lakini umeuliza wote isipokuwa mmoja: mama mwenyewe anasemaje?

Mtoto wa Rombo

Swali hilo lilinikalia kooni. Jana usiku nikiwa namkanda miguu, akili yake ikiwa imetulia, nikamuuliza. Akanyamaza muda mrefu. Akasema mchana hapa kwangu anasikia friji tu, anataka mahali penye watu wanaoongea. Akauliza kama padri hufika, na kama ataruhusiwa kwenda na blanketi lake.

Nimemwambia kaka maneno yale yale, kama alivyoyasema mama. Jumamosi tunakwenda naye, saa ya chakula cha jioni, bila kupiga simu. Nitawaambia tulichokiona.